Herufi Zenye Mikia

Shule ya Msingi Chikombolo
17 Februari 2024

Shangazi yangu Angelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kibarazani kwako Area D, miguu juu ya kigoda, ukimgombeza mtu. Mimi ni mzima. Mvua ilitunyima Desemba yote, ikaja Januari kwa hasira. Uwele umesimama vizuri, ila mtama wa majirani umelala chini. Baba mdogo Abeli nilimwona mnadani, anakusalimu. Mguu wake unaendelea vizuri na maneno yake bado ni mengi.

Utauliza kwa nini sikupigii. Mtandao upo, ukipanda kwenye jiwe kule juu na kunyoosha mkono. Lakini ni wewe uliyesema simu ni ya misiba na salamu, mambo mengine yaandikwe ili mtu apate muda wa kufikiri kabla ya kujibu upuuzi. Basi naandika.

Mwaka huu nimepewa darasa la nne, watoto sabini na mmoja, sayansi na hesabu. Wiki ya kwanza niliwauliza kani ni nini. Wote kwa pamoja, kama kwaya: "Kani ni msukumo au mvuto!" Nikamwambia Silvano, haya, nionyeshe msukumo. Akatazama ukutani kutafuta jibu. Kwa kweli nilichukia, Shangazi, si kwa sababu yake bali kwa sababu yetu sisi walimu.

Kwa hiyo sasa kila Ijumaa nawatoa nje. Niliwapa mabua ya mtama na kamba za mkonge, nikawaambia wajenge daraja la kutoka dawati moja hadi jingine, kisha tulipakie mawe. Kundi la Anastazia daraja lao lilianguka, likaanguka tena. Yeye ni mdogo kuliko wote na hata kuongea haongei. Safari ya tatu akachukua bua akalifunga kwa kulilaza upande, kutoka pembe hadi pembe. Daraja likakaa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, hili lililolala linayashika yaliyosimama yasikimbie." Nilitaka kulia mbele ya watoto na sikuona haya.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Ludovick, alipita akasimama na mikono mgongoni. "Mwalimu Lydia, hayo mabua ni chakula cha ng'ombe au cha mtihani?" Akaenda zake. Ila najua atarudi.

Naomba maboksi matupu, makopo, na nyuzi zozote ulizonazo. Naimalizia hapa njia panda, basi la kutoka Iringa limeshaonekana na kondakta wake hana subira hata

*

Area D, Dodoma
9 Machi 2024

Mwanangu Lydia,

Marahaba. Bwana asifiwe. Mimi sijambo, mzabibu wa uani umezaa na ndege wameshajua. Kanisani tunaendelea na kwaya ya Pasaka. Siku hizi sibebi kitabu cha nyimbo, wabebe wasiozijua. Nilijikwaa kwenye kizingiti wiki iliyopita lakini si neno la kuandikia barua. Nimepata mpangaji katika chumba cha uani, binti wa Kondoa, Shakila, anasoma chuo. Anaswali swala zake na anasugua sufuria bila kuambiwa. Wewe ulikuwa unaambiwa.

Kwanza barua yako. Umeikata katikati ya sentensi na hukutia sahihi. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, na kitu cha kwanza nilichokufundisha baada ya kufunga kamba za viatu ni hiki: barua isiyo na sahihi ni karatasi iliyochafuliwa. Nitajuaje ni wewe? Huenda ni kondakta ameandika.

Pili, hilo daraja. Lilibeba mawe mangapi? Hukusema. Mwalimu wa sayansi anasema "likakaa" na kunyamaza! Mimi nilifundisha hesabu na mwandiko maisha yangu yote kwa chaki na ubao tu, na wametoka humo madaktari na mhandisi mmoja. Sikuwahi kumshikisha mtoto bua. Lakini nilipomwambia mtu jambo limekaa, nilimwambia limekaa kwa kiasi gani.

Tatu, na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Mwalimu Nathan, tuliyefundisha naye zamani, sasa anaongoza shule binafsi hapa mjini. Madarasa yana watoto ishirini na tano na kuna chumba cha sayansi chenye meza na bomba la maji. Anakuhitaji kuanzia Januari. Nimemwambia utakuja. Nyumba hii ina vyumba vinne na kimoja kina kitanda chako. Nipe jibu, na jibu liwe ndiyo.

Maboksi nimempa kondakta pamoja na makopo ya maziwa. Yahesabu.

Angelina Mgaya

*

Chikombolo
13 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Maboksi yamefika yote, na makopo yote isipokuwa moja ambalo kondakta amelifanya la kunywea uji. Watoto wanakushukuru. Daraja la Anastazia lilibeba mawe kumi na tisa, tofali moja na kiatu cha Silvano. Nimeona haya kwamba sikuandika mwanzo.

Habari si nzuri. Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka na darasa la nne letu ni la mwisho katika kata. Mwalimu Ludovick alirudi kutoka kikaoni amenuna, akaingia darasani kwangu akabeba kila kitu, mabua, kamba, makopo yako, akafungia stoo. Alisema, "Mpaka upimaji wa Oktoba upite, darasa la nne ni kalamu na daftari. Sitaki kuona mtu amejipaka udongo." Nikamwambia hawakufeli kwa sababu ya Ijumaa, wamefeli kwa sababu ya siku nyingine nne. Akatia ufunguo mfukoni akaenda zake. Si mtu mbaya, Shangazi, ni mtu aliyegombezwa mbele za watu.

Lakini mabua hayajaisha duniani. Nimeleta mengine nyumbani. Nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili na mimi ni mtu mmoja, basi cha pili nimekijaza mabua mpaka dirishani. Nimewaambia watoto kwamba kengele ya Ijumaa ikishalia, anayetaka kujenga aje uani kwangu, asiyetaka aende nyumbani. Nilidhani watakuja kumi. Walikuja wakajaa mpaka kwenye banda la kuku. Siachi, Shangazi. Nimeshaona sura ya mtoto anapogundua kitu kwa mkono wake, na sasa siwezi kujifanya sijaiona.

Habari ya Mwalimu Nathan nimeisoma.

Nawe umenigombeza mwandiko, lakini barua yako ya safari hii mistari ilikuwa inapanda mlima kama mbuzi, na mahali pawili umeandika neno juu ya neno. Ningekuwa mwanafunzi wako ningerudishiwa niandike upya!

Mwanao mtundu mwenye sahihi,
Lydia Mgaya

*

Chikombolo
1 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimengoja. Kondakta ananiambia hana kitu, nikadhani ameisahau barua ndani ya basi, nikamkagulia mpaka chini ya kiti. Nilipanda kwenye jiwe nikapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Safari ya pili Shakila akapokea, akasema umelala. Saa kumi alasiri umelala? Wewe?

Kama ni ule utani wa mbuzi, nisamehe. Nilikuwa nacheza tu.

Kama ni Januari, nigombeze lakini uniandikie.

Lydia

*

Area D, Dodoma
15 Juni 2024

Mwanangu Lydia mkato

Marahaba nukta. Usishangae mwandiko huu, ni wa Shakila. Mimi nina jipu kidoleni nukta. Nimemwambia aandike kila neno litakalotoka kinywani mwangu, asipunguze wala asiongeze, maana vijana wa siku hizi wanapenda kufupisha mambo ya watu. Unaandika? Haya.

Kimya changu kisikutie wasiwasi mkato nilikuwa na shughuli za kanisa nukta. Hapana, usiandike kanisa, atamuuliza mchungaji. Andika shughuli tu. Zabibu tumechuma na nyingine nimempelekea mama mchungaji. Kwaya nimepumzika kidogo, sauti imechoka. Kule madhabahuni wameweka ngazi mpya na aliyezijenga hana akili nukta.

Kuhusu utani wako sikukasirika nukta. Aya mpya. Mwalimu Nathan anataka jibu kabla ya Septemba kwisha. Sikulazimishi, ila nakuambia njoo. Mwambie nyumba ni kubwa. Mwambie ikifika jioni mtu huwa... hapana, acha hiyo ya jioni. Mwambie watoto wa mjini nao wanahitaji madaraja. Umeandika? Nisomee. Kwa sauti, Shakila, mimi si kiziwi ila hapo umemung'unya maneno.

Mungu akulinde nukta. Leta kalamu nitie sahihi mwenyewe. Hapa? Hapa wapi?

Angelina Mgaya

*

Chikombolo
20 Julai 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Shakila, habari za masomo? Soma taratibu, mwandiko wangu bado ni ule ule.

Barua imefika. Pole kwa jipu. Sahihi yako nimeiona ilivyokaa, juu ya maneno "Mungu akulinde." Niliitazama siku nzima kisha nikaikunja.

Nikuelezee darasa. Ijumaa iliyofuata niliwakalisha uani nikawapa tatizo jipya. Nikasema: yuko mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuona, anataka kuandika barua lakini mistari yake inapotea. Tengenezeni kitu kitakachomwezesha kuandika mstari ulionyooka bila kuutazama. Kwanza nikawafunga macho kwa vitenge vyangu, mmoja mmoja, waandike majina yao. Ungeona! Silvano alianza kwenye karatasi akamalizia kwenye goti. Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha wakatulia, maana kila mmoja alikuwa ameshaonja.

Kundi la kwanza walikunja karatasi ibaki na mikunjo. Ukiigusa mara tatu mikunjo inalala. Kundi la pili walipasua bua wakalitumia kama rula, lakini kila mstari bua linahama na wewe unahama nalo. Kundi la Anastazia ndilo lililofika. Walichukua boksi lako moja lililobaki kwangu wakalikata likabaki fremu, kama fremu ya picha isiyo na picha, wakatega nyuzi kutoka upande huu hadi ule. Karatasi inakaa chini, unapapasa uzi kwa kidole cha kushoto, unaandika juu yake. Boksi likalegea. Wakahamia kwenye mbao za dawati lililovunjika, na Silvano akaleta uzi wa nyavu za baba yake anayevua bwawani Mtera, mgumu kama waya. Walipima nafasi kwa rula, sentimita moja na nusu kila uzi. Walibishana nusu saa kuhusu hiyo nusu.

Katikati ya ubishi Mwalimu Ludovick akatokea uani. Nikasema sasa yamekwisha. Akauliza nani amewaruhusu. Kabla sijafungua mdomo, Anastazia, yule asiyeongea, akamwendea na kitenge mkononi. "Mwalimu Mkuu, sisi ni wadogo. Tunahitaji mtu mzima wa kujaribu."

Shangazi, alikaa! Juu ya ndoo. Wakamfunga macho, akaandika jina lake lote bila fremu, na jina likatoka kwenye karatasi likaenda. Watoto wakajiziba midomo. Wakamwekea fremu, akapapasa, akaandika tena. Akafungua kitenge akatazama karatasi zote mbili. Hakucheka. Akauliza, "Hili lipo kwenye muhtasari?" Nikamjibu vipimo vipo, maumbo yapo, kani ipo, na sifa za vitu zipo. Akasema, "Basi waandike hivyo vipimo kwenye daftari, nivione." Jumatatu nikakuta ufunguo wa stoo mezani kwangu, na Ijumaa kuanzia saa nane tumepewa.

Jioni ile Anastazia alibaki kufagia. Akaniuliza, "Mwalimu, huyo mtu ni nani?" Nikamwambia ni mwalimu. Akauliza, "Haoni?" Nikamwambia, "Hajasema."

Fremu hiyo nampa kondakta. Tunatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri aijaribu na kutuambia kasoro zake. Mtu mkali, asiyetuonea huruma. Simjui mwingine.

Lydia Mgaya

*

Area D, Dodoma
17 Agosti 2024

Lydia,

Marahaba.

Ulipofika kwenye "hajasema" nilimwambia Shakila aache kusoma atoke nje. Nilikaa na hasira mpaka adhana ya magharibi. Nani amekuambia? Nilianza na Shakila, akaapa kwa Mungu wake kwamba hakuongeza hata neno. Ndipo nikakumbuka nilivyomwagiza aandike kila kitu, nikajua nimejishitaki mwenyewe. Na mbele ya darasa zima umenifanya tatizo la Ijumaa! Mimi, niliyewashika watoto mkono kuwafundisha herufi a!

Kile kitu nilikisukumia chini ya kitanda. Kikakaa huko. Juzi usingizi ulinikataa, nikakitoa.

Haya, kasoro mlizoziomba. Naandika nacho sasa hivi, bila mtu, kwa hiyo zione mwenyewe. Mstari umenyooka, hilo sikatai. Lakini tazama g zangu. Tazama j na y. Uzi wenu ni mgumu, kalamu ikitaka kushuka chini inagonga na kurudi. Herufi zenye mikia zote mmezikata mikia. Nimeandika "jioni" ikawa kama kitu kilichokanyagwa. Jina langu mwenyewe lina g mbili na y moja, nimeliandika mara saba na si jina langu. Mtu asiyeona aandike ovyo, basi? Ndivyo mnavyodhani?

Tena mbao ina kipande kinachochoma kwenye kona ya kulia. Pigeni msasa.

Sita kwa kumi. Nairudisha kwa kondakta. Irudieni.

Na Mwalimu Nathan bado anangoja. Unalijibu kila swali isipokuwa hilo.

Angelina Mgaya
(mkia umekatwa)

*

Chikombolo
14 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Niliwasomea darasa barua yako, ile sehemu ya kasoro tu. Ulipowapa sita, Silvano akasema, "Huyu mtu ana roho mbaya." Anastazia akasema, "Hapana, ana g mbili." Wakapokonyana fremu wakaanza.

Uzi ukilegezwa mkia unapita, lakini mstari unapinda. Ukikazwa mstari unanyooka, mkia unakatika. Tulizunguka hapo Ijumaa mbili, na tatizo hilo nikarudi nalo nyumbani. Nililala nalo. Halafu Silvano akapata pancha akija shule na baiskeli ya baba yake, akakaa njiani akiuvuta mpira wa ndani na kuuachia, akauvuta na kuuachia, akachelewa namba ya asubuhi mstarini. Alipoingia darasani hata hakuomba msamaha. "Mwalimu, tunataka kitu kinachokubali kusukumwa halafu kinarudi." Wamekata mpira ule vipande vyembamba, wamevitega badala ya uzi. Kalamu ikishuka mpira unashuka nayo, ikipanda mpira unarudi mahali pake. Baba yake Silvano alipoutafuta mpira wake nikamnunulia mwingine, akacheka.

Kona imepigwa msasa. Anastazia ameipitishia shavu lake kuhakikisha.

Sasa lile swali. Tangu nimezaliwa sijakukatalia jambo. Shangazi, siendi kwa Mwalimu Nathan. Wale watoto wana meza na bomba, watampata mwalimu. Hawa wakinipoteza mimi watarudi kuimba "msukumo au mvuto" wakitazama ukutani. Mwezi ujao wana upimaji na nitausimamia mpaka kalamu ya mwisho iwekwe chini. Mwakani wanapanda darasa la tano na nimeshaomba nipande nao. Hilo nimeamua.

Lakini wewe si Mwalimu Nathan. Ukiniambia neno moja kwamba unanihitaji nyumbani, si shuleni kwake, nyumbani, nitafunga virago nije, na sitalalamika hata siku moja. Nitaumia, ila nitakuja. Wewe ulinichukua mimi hukuuliza nitakula nini wala nitakaa mpaka lini.

Sikuulizi kitu. Nangoja uniambie mwenyewe.

Fremu anayo kondakta, nimemwapisha.

Lydia Mgaya

*

Area D, Dodoma
19 Oktoba 2024

Mwanangu Lydia,

Marahaba. Hatujambo. Vumbi la Oktoba linatumaliza, mzabibu nimempa kijana wa jirani aupogoe, ameupogoa kama anamnyoa kondoo. Baba mdogo wako Abeli alikuja, akala, akaongea, akaondoka. Mguu umepona kabisa, kwa hiyo atakuja tena.

Naandika mwenyewe. Shakila nimemfukuzia jikoni asichungulie.

Nimeijaribu fremu kwa jina la marehemu kaka yangu, baba yako. Yeremia Mgaya. Kisha jongoo, gunia, ugali, yai, jogoo. Kisha nimeandika jina langu. Mkia umeshuka wote mpaka chini, ukazunguka, ukapanda. Niliupapasa kwa kidole wino haujakauka, nikajichafua, na nikalia, Lydia, nikiwa peke yangu sebuleni kama mtoto aliyerudishiwa kitu chake. Mwambie yule mtoto mwenye shavu kwamba kona haichomi.

Sasa nitasema, kwa kuwa umeningoja bila kuniuliza. Ni presha ya macho. Jicho la kulia lilizima kabla ya Krismasi iliyopita. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linapungua. Daktari amenipa dawa ya matone ya kulizuia lililobaki, lakini lililokwenda halirudi. Nilitaka uje mjini kwa ajili yangu nikasingizia ni kwa ajili yako. Ile ya jioni niliyomwambia Shakila aiache ni hii: jioni ikiingia siioni taa kama imewashwa au haijawashwa, na ninaogopa.

Kwa hiyo neno uliloliomba nalisema. Nakuhitaji nyumbani.

Lakini usifunge virago. Nimefunga mimi. Mwalimu Nathan nimemwandikia, kwa fremu hii, kwamba hakupati. Shakila atakaa hapa na dada yake, wataitunza nyumba na mzabibu. Wewe una vyumba viwili na ni mtu mmoja, uliandika mwenyewe, ninayo barua. Toa mabua chumba cha pili. Nitapanda basi la huyo kondakta wako shule zikifungwa Desemba, na namdai kopo langu la maziwa.

Usidhani nakuja kukaa kibarazani nipepewe. Nasikia darasa lako ni la mwisho katika kata. Mtoto anayejua kufunga bua kutoka pembe hadi pembe hawezi kushindwa kuzidisha kwa kichwa, ila hakuna aliyemkazania. Kuzidisha hakuhitaji macho. Saa moja kila asubuhi kabla ya namba, nipe wale walio nyuma wote, na mwambie Mwalimu Ludovick nimesema hivyo. Kabla ya upimaji wa wiki ijayo siwezi kufika, kwa huo mtatosha wewe na Mungu. Nitaanza nao wakipanda la tano.

Na uwape tatizo hili walifikirie likizo nzima: yuko mwalimu wa hesabu asiyeuona ubao. Awafundisheje watoto sabini na mmoja, na atajuaje nani amekosea? Shule zikifunguliwa nataka nione walichotengeneza. Yaani nikishike.

Fremu nimeipa tisa kwa kumi. Moja nimeibakiza kwa haki, wala msinilalamikie. Mpira wa mwisho mmeutega karibu mno na ukingo wa chini. Mtu akishamaliza kusema yote, hamkumwachia pa kuweka sahihi. Yangu nakuja nayo